Siku Niliyosema Diski Imekufa

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, umeme uliporudi mtaani kwetu Ubungo baada ya wiki tatu za giza. Transfoma ilikuwa imelipuka, na kwa muda wote huo ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi, ya kuchapa barua na mitihani ya shule, ilifungwa. Miaka ile ya tisini kompyuta ilikuwa kitu cha kuvuliwa viatu mlangoni. Tulikuwa nayo moja tu, ya mtumba, na aliyeitumia kila siku alikuwa Bi Zuhura.

Huyu Bi Zuhura alikuwa mama wa makamo, mtu wa Temeke, aliyechapa kwa taipureta miaka mingi katika shirika la umma mpaka shirika lilipouzwa na wafanyakazi wakapunguzwa. Alikaa nyumbani mwaka mzima kabla ya kupata nafasi ile kwetu, na wanawe watatu walimtegemea yeye peke yake. Vidole vyake vilikuwa havijaizoea kibodi. Aliipiga kama anatwanga kisamvu. Tulimcheka, naye akicheka pamoja nasi.

Mimi nilikuwa msichana wa miaka ishirini na miwili. Nilikuwa nimesoma kozi ya wiki sita nikapewa cheti, na kwa cheti hicho mtaa mzima uliniita fundi. Nisikufiche, nililipenda jina lile kupita kiasi. Nilitembea nalo kifua mbele hata sokoni, ambako hapakuwa na kompyuta.

Basi umeme ukarudi, Bi Zuhura akaiwasha mashine, ikagoma. Ilitoa mlio, ikaandika mistari miwili ya Kiingereza, ikatulia hapohapo. Nikaitwa. Nilibonyeza kitufe ilichotaka kibonyezwe, ukatokea ukurasa wa bluu wenye majina nisiyoyajua na nafasi tupu za kujaza tarakimu. Kwenye kozi hatukuonyeshwa kitu kama kile. Nikazima, nikawasha, nikachomoa waya, nikachomeka tena, jasho linanitoka. Wateja wamesimama, na mwenye ofisi, tuliyemwita Baba Neema, amesimama nyuma yangu.

"Vipi, fundi?" akaniuliza.

Neno la kusema lilikuwa moja tu: sijui. Jina la fundi likanizuia kulitamka.

"Diski imekufa, Baba Neema," nikasema. "Mashine imepigwa sana hii."

Wote wakamgeukia Bi Zuhura. Mwanangu, sikutaja jina lake, na kwa muda nilijitetea moyoni kwa hilo. Lakini nilijua vizuri macho ya watu yatakwenda wapi.

"Si nilikwambia hii siyo taipureta?" Baba Neema akamwambia. "Basi, Bi Zuhura, kapumzike nyumbani. Tutakuita."

Miaka ile kila mtu alijua maana ya kuambiwa tutakuita. Mama wa watu alijitanda khanga yake, akachukua mkoba, akatuaga vizuri kama siku zote.

Siku ya pili Baba Neema akanituma Temeke nikachukue ufunguo wa ofisi aliokuwa nao Bi Zuhura. Nilikwenda kwa miguu mizito. Nilimkuta uani anaanua nguo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akanivutia kigoda kana kwamba sikumfanya kitu. Akaingia ndani, akatoka na ufunguo na daftari.

"Na hili nalo ni la ofisi," akasema. "Mie mchapaji, nikiona maandishi lazima niyanakili. Yule aliyetuletea mashine, siku ile alipokuwa anaipanga, niliandika kila alichokijaza. Sijui kama lina kazi tena, maana mmesema imekufa."

Nikalifungua. Kwa mwandiko ulionyooka, ukurasa wa bluu wote ulikuwa pale, kila nafasi na tarakimu yake. Masikio yaliniwaka moto kwa aibu. Mambo ya betri ndogo iliyomo ndani, inayoitunzia kompyuta kumbukumbu ya vifaa vyake na kuisha ikikaa muda mrefu bila umeme, nilikuja kujifunza baadaye. Siku ile nilielewa jambo moja tu, kwamba huenda mashine ilikuwa imesahau ina diski ya namna gani, nayo ilikuwa inaomba ikumbushwe.

"Bi Zuhura," nikasema, "mie sikujua. Hata sasa sijui kama diski imekufa. Nilisema tu."

Akaiweka chini nguo aliyoishika. "Kwa hiyo umenitoa kazini kwa kitu usichokijua?"

Nikalia.

"Ungesema hujui, ningekuletea daftari siku ileile," akasema. "Haya, futa machozi twende. Ulinisema ofisini mbele za watu, ukaseme hukohuko. Na useme kabla hujaiwasha, maana ikikubali utajisahau."

Nikasema. Mbele ya Baba Neema na walimu wawili waliokuja kufuatilia mitihani yao, nilisema kwamba jana sikujua ugonjwa wa mashine, kwamba nilidanganya kulinda jina langu, na kwamba Bi Zuhura hana kosa. Sauti ilikuwa ndogo, Baba Neema akanitaka nirudie. Nikarudia. Ndipo nikaiwasha. Bi Zuhura akasoma tarakimu moja moja, mimi nikajaza, nikakosea mara mbili akanirudisha. Mashine ikajiwasha upya, taa ya diski ikapepesa, na kazi zote za Bi Zuhura zikajipanga pale, mpaka mtihani wa hesabu aliouacha nusu. Furaha niliyoipata siku ile sijaipata tena kwa mashine nyingine yoyote.

Baba Neema alimwomba radhi Bi Zuhura, akamkabidhi ufunguo mkononi. Kisha akanigeukia mimi kwa hasira.

"Na huyu? Bado tumwite fundi?"

"Mwiteni," Bi Zuhura akajibu, huku anavuta kiti chake. "Jana hakuwa. Leo ndiyo ameanza."

Mwanangu, wewe unajua mengi kuliko niliyoyajua mimi kwa umri huo, lakini hili lisikilize. Ukiitwa kutazama kitu kilichogoma, kwanza soma kinachokuambia, hata kama lugha yake inakutisha. Kisha muulize anayekitumia kila siku, awe na cheti au asiwe nacho. Ukifika mwisho wa ujuzi wako, sema hujui, na useme mapema, kabla mtu mwingine hajabebeshwa mzigo wa kutojua kwako. Na kama umeshakosea, rudi palepale ulipokosea ukaseme, usingoje mambo yanyooke kwanza. Nimetengeneza mashine miaka mingi, na neno sijui nimelitamka mbele ya mabosi wakali kuliko Baba Neema. Halijanifukuzisha kazi hata mara moja.

Mungu akupe mikono myepesi, subira ya kusikiliza, na ulimi usioona haya kusema kweli. Akukutanishe na watu kama Bi Zuhura, nawe uwatambue mapema kuliko nilivyomtambua mimi. Amina.