Portai bila ukuta

Leo asubuhi mutoto wangu Furaha amefukuzwa shuleni kwa kosa la kupita mahali ukuta haupo.

Musicheke.

Lava ya volkano ilikula ukuta wote wa shule yetu pamoja na madarasa mawili. Batoto wanasomea chini ya shitingi, turubai tu. Komite ya wazazi ikakaa, ikafikiri, ikaamua: tuanze na portai, ule mulango mukubwa wa kuingilia.

Basi portai ya chuma imesimama peke yake juu ya mawe meusi. Kushoto wazi. Kulia wazi. Na mutoto asiyepita katikati anarudishwa nyumbani!

Nikaenda kuuliza. Nikamukuta prezida wa komite, amevaa kostimu na tai, amesimama inje ya portai na mvua inamunyeshea. Santineli, mulinzi wa portai, alikuwa ameifunga na kuenda kwenye mazishi na ufunguo mufukoni.

"Papa Prezida, si uzunguke tu?"

"Mama Furaha, ile sheria ni mimi niliisaini. Tulikimbia waasi, tulikimbia lava, lakini nidhamu hatuikimbie."

Mimi nikazunguka. Nikasimama upande wa ndani, tukaongea kupitia vyuma kama watu wa gereza.

Nikamuambia shitingi imepasuka, batoto wanaloana, mwalimu anaandika na chaki inayeyuka.

Akanisikiliza kweli. Hata akafuta macho.

"Uko na haki, mama. Kesho tutaita kikao."

"Cha shitingi?"

"Cha ufunguo wa pili."

Wazazi wenzangu, kesho tuende wote. Na tuingilie kwa upande.