Kichupa Kiganjani

Kama si heshima, Velma angekuwa ameshampigia kelele fundi wa maabara yao hapa Minneapolis. Lakini utamfokeaje mzee wa kanisa mnamoabudu wote kule Blaine? Kila asubuhi ni yale yale. Mzee anafuta meza iliyokwisha kufutwa, anavuta glavu kwenye vidole vyake vinene, kisha anatoa kwenye friza kichupa cha protini ya kuamsha seli za kinga, protini ya binadamu iliyotengenezwa ndani ya bakteria. Hapo ndipo balaa huanza. Anakifumbata kiganjani, anafumba macho na kuomba polepole, kwa sauti nzito ya madhabahuni. Protini yenyewe haitaki joto. Ikiharibika, seli walizozilea wiki nzima zitakufa.

“Mzee, inayeyuka!”

“Binti yangu, Mungu haharakishwi.”

Leo Velma alichoka kubishana. Macho ya mzee yalipofumbwa tu, akasukuma ndoo ya barafu hadi chini ya ile mikono. Mzee, bila kufumbua macho, akakizamisha kichupa taratibu kwenye barafu, akashusha pumzi.

“Na sasa, Baba,” akasema, “kwa kuwa muda tunao...”