Sindano ya Siku ya Mvua

Bulandina alizaliwa Rukoki, karibu na mji wa Kasese, akaolewa Bwera, na Bwera ndiko alikopata jina. Alikuwa muuguzi msaidizi katika zahanati ndogo ya mtu binafsi, kando ya barabara iendayo mpakani. Wazazi waliwaleta watoto wao hata kutoka ng'ambo ya mto Lhubiriha, upande wa Zaire, kwa sababu walisema mkono wake ni mwepesi. Mumewe alifariki mapema. Kazi hiyo ndiyo iliyowakuza wanawe.

Mwaka wa 1973, alipokuwa ameivuka arobaini, maandishi ya kwenye chupa za dawa yalianza kumkimbia. Alilaumu karatasi, kisha akalaumu wino. Halafu akagundua kwamba akiisogeza chupa mbali na uso, herufi zinatulia kidogo. Akawa anaisogeza, kila mwezi mbali zaidi, mpaka ikawa mkono wenyewe hautoshi. Jambo lililomchanganya ni kwamba mbali aliona vizuri. Angeweza kukwambia ni mbuzi wa nani anayepanda kilima cha upande wa pili. Lakini uzi na tundu la sindano havikukutana tena, na mchele aliuchagua kwa vidole.

Hakumwambia mtu. Mama yake alikufa kipofu, akiongozwa kwa fimbo kama mbuzi, na Bulandina aliamini kuwa zamu yake imefika. Alijua pia kwamba mwenye zahanati akisikia, atatafuta mtu mwingine siku hiyo hiyo. Kwa hiyo alijitibu kwa siri. Aliosha macho kwa maji ya majani aliyoelekezwa na jirani, yakamwasha tu. Sokoni alinunua miwani iliyokwisha kutumika, akaenda kuijaribu nyuma ya nyumba. Maandishi yakazidi kupotea. Hakujua kwamba miwani ile ilikuwa ya mtu asiyeona mbali, kinyume kabisa cha shida yake. Aliona tu kwamba hata miwani imeshindwa, akaitupa chooni.

Kilichomsaidia ni jua. Akisimama mlangoni penye mwanga mkali, herufi zilirudi kidogo, naye akazoea kuchukua kila dawa na kutoka nayo nje kana kwamba anapunga hewa. Mengine aliyakariri: kifuniko chekundu ni dawa hii, kopo refu ni ile. Lakini maduka ya Wahindi yalikuwa yamefungwa mwaka uliotangulia, wenyewe walipofukuzwa nchini, na dawa zilizozoeleka ziliadimika. Mwenye zahanati akaanza kuleta za kutoka Zaire, zenye maandishi ya Kifaransa, vichupa vidogo vinavyofanana kama mayai ya kuku mmoja.

Siku moja ya mwezi wa tisa, mawingu yalishuka kutoka milimani na mvua ikanyesha tangu asubuhi. Wivine aliingia amelowa, amembeba binti yake Kahambu, mtoto wa miaka miwili. Wivine na mumewe Benoît walikuwa watu wa Butembo, waliokimbilia Bwera wakati wa vita vya waasi, na sasa walifanya biashara ya maharage. Mtoto alikuwa moto, macho yamegeuka juu. Malaria ilikuwa imempanda kichwani.

Bulandina alichukua kichupa cha kwinini, akaenda mlangoni. Nje kulikuwa na giza la mvua. Alinyoosha mkono, akakunja uso, akageuza kichupa huku na huku. Aliona mchirizi mweusi, basi. Mama wa mtoto alikuwa akimtazama. Bulandina akajiambia kuwa ni kipimo kile kile cha wiki iliyopita. Akavuta dawa, akatafuta mistari ya bomba la sindano, hakuiona, akakisia kwa unene wa kidole. Kisha akamchoma mtoto.

Dawa ile ilikuwa na nguvu mara mbili ya ile ya wiki iliyopita.

Jioni Kahambu alianza kutapika, akalegea kama kitambaa. Benoît aliazima gari dogo la mizigo, wakampeleka hospitali ya Kilembe, na Bulandina akaenda nao, kichwa cha mtoto mapajani mwake. Madaktari walihangaika naye, na mtoto akaishi. Homa ikashuka, akaanza kula uji. Watu wakamshukuru Mungu. Bulandina naye alishukuru, akabaki pale kumsaidia Wivine kufua.

Basi siku moja Wivine aliangusha sahani ya bati nyuma ya mtoto. Wodi nzima iligeuka. Kahambu hakugeuka. Wivine akaiokota sahani, akaiangusha tena, safari hii kwa makusudi. Mtoto aliendelea kuchezea pindo la shuka.

Bulandina, aliyejua kwamba kwinini ikizidi huua masikio, alipiga magoti palepale sakafuni, akasema yote: chupa, mvua, bomba la sindano, miezi aliyoficha. Wivine alimsikiliza mpaka mwisho. Alikuwa amesoma kwa masista.

"Mama Bulandina," alisema, "miye ninajua kusoma. Mbona haukunipa nikusomee?"



Katika hospitali hiyo alikuwepo mtu wa kupima macho, Onen, mtu wa kaskazini, mpole. Bulandina alikwenda kwake akitaka tu kuambiwa upofu utamfikia lini. Onen alimpa kadi ya maandishi aishike karibu, akamjaribishia vioo kimoja baada ya kingine kutoka kwenye sanduku. Kwa kioo cha tatu herufi zikasimama wima, nyeusi, kali.

"Huu si upofu, mama," Onen alimwambia. "Ndani ya jicho kuna kitu kama kioo laini, kinachojikunja ukitazama karibu. Mtu akipita arobaini kinakuwa kigumu. Kila mtu kinampata, hata mimi kinanianza. Dawa yake ni miwani ya kusomea, ile yenye kioo kilichovimba katikati."

Alidhani amempa habari njema. Bulandina alitoka akakaa kwenye ngazi. Kumbe kilichomharibu mtoto wa watu hakikuwa hata ugonjwa. Kilikuwa umri tu, kitu cha kusema hadharani, cha kuchekwa kidogo na kusahauliwa. Na miwani yenyewe hakuipata. Vioo vile vilikuwa vya kupimia, na aliyekuwa akiuza miwani Kasese alifukuzwa nchini pamoja na Wahindi wenzake.

Aliacha kazi. Alijifungia nyumbani, hata kanisani hakuonekana, na wanawe wakawa wanamlazimisha kula. Mvua zilikwisha, kiangazi kikaingia. Ndipo Benoît alipokuja. Siku zote wao wawili walizungumza lugha ya nyumbani, kwa maana Kinande cha Butembo na Lhukonzo cha Bwera ni kitu kimoja. Siku hiyo alizungumza Kiswahili cha Zaire, kama mtu asemaye na mgeni. Alitoa miwani aliyoinunua Butembo, akaiweka juu ya kiti.

"Chukua. Haiko juu yako. Iko juu ya batoto ya benzako."

Yaani ni kwa ajili ya watoto wa wenzake, si kwa ajili yake. Akaondoka bila kukaa.

Bulandina aliivaa. Aliona mikono yake mwenyewe, kila ufa, kila kovu la sabuni na spiriti. Akalia mpaka vioo vikaingia ukungu.

Mwenye zahanati alimwita tena, maana hakupata mwingine, naye akarudi. Tangu hapo kila dawa aliisoma kwa sauti, kisha akampa mzazi naye aisome. Asiyejua kusoma, alimtafutia mpita njia. Wengine walimwona amepungukiwa akili. Wivine hakukanyaga tena pale. Walipokutana barabarani alimsalimu kwa adabu, akapita.

Mwaka wa 1977 familia ile ilirudi Butembo. Wivine alizunguka kuwaaga majirani, nyumba hadi nyumba. Bulandina alifagia ua, akachemsha chai, akakaa akingoja. Wivine hakuja. Habari kwamba wameshavuka mpaka alizipata kwa watu, na kama Kahambu alipelekwa shule hakuambiwa na mtu.