Tulipopanda Minyaa Mibichi

Siku tulipopanda ule uzio wa minyaa tulikuwa mimi, mdogo wangu wa kike wa miaka kumi na mmoja, mapacha wetu wa kiume wa miaka saba, mzee wa kanisa aliyetuazima panga, na jirani yetu, mtoto wake mchanga mgongoni. Jirani sikumwalika. Alikuwa upande wake, akichambua maharage, na uzio ulikuwa wa kumziba yeye.

Kwetu Uvira mmea ule tuliuita munyari. Jirani, ambaye ni Mnyarwanda, aliuita umuyenzi. Wenyeji wa Malawi wanasema nkhadze. Ni kichaka cha vijiti vya kijani vitupu, majani huyaoni. Unakichomeka mahali pakavu, mvua inachelewa, mahindi yanakufa, chenyewe kinasimama. Mbuzi hawakigusi. Mchwa, waliotafuna nguzo ya mlango wetu pale kambini Dzaleka kwa msimu mmoja, hawakiwezi. Baba alipaka utomvu wake kwenye chunjua, na vijana wa kwetu waliutia mtoni kulewesha samaki. Yote hayo niliyajua. Nilichotaka mimi ni kimoja tu: nisiione nyumba ya jirani yule.

Wazazi wetu walikufa vita ya pili ya nchi yetu ilipofika Uvira. Niliacha shule mwaka wa pili wa sekondari, nikawaleta hawa watatu hadi Malawi, na tangu hapo sikuweza kutulia. Nikikaa, mguu ulicheza wenyewe. Nilifagia uwanja uliokwisha fagiwa, nikawahesabu wadogo zangu mara kumi kwa siku. Askari waliokuja nyumbani walisema lugha ya yule jirani. Kwamba yeye naye alikuwa mkimbizi, tena alipita nchini kwetu kwa miguu, nilijua, na kujua hakukunisaidia. Niliwakataza watoto kula chochote kutoka kwake.

Asubuhi hiyo tulikata matawi kwenye uzio mkongwe nje ya kambi, tukayarundika karibu na nyumba, tukaanza kupanda siku ileile.

"Unajenga Yeriko?" mzee wa kanisa aliniuliza. "Ile ilianguka, we binti."

"Walikuwa na tarumbeta, mzee. Hapa iko maharage tu."

Mapacha walicheka. Jirani aliinua kichwa.

"Mwana wangu, hayo bado mabichi. Uyalaze kwanza kivulini, hata juma moja, pale ulipokata pakauke. Yanatoa maji mabaya."

Sikumjibu. Niliwaambia wadogo zangu wabebe, jua likitua nataka uzio uwe umesimama.

"Yaya, mama anasema..." mdogo wangu alianza. Yaya, kwetu, ni dada mkubwa.

"Mama yetu alikufa. Beba."

Akajitwika mzigo bila hata ngata. Jua lilikuwa kali. Utomvu ulichuruzika na jasho kwenye paji la uso, akajifuta kwa kiganja kilichoshika vijiti vile. Mzigo ukaanguka.

"Inaunguza, yaya. Sioni."

Nilisimama na panga mkononi. Mzee alisema tuombe. Aliyekuja ni jirani. Alivuka vijiti tulivyochomeka, akamlaza mdogo wangu mapajani mwake, akaniambia nilete maji. Sikuwa nayo. Foleni ya pampu nilikuwa nimeiahirisha kwa sababu ya uzio. Akawatuma mapacha jikoni kwake wakalete mabidoni mawili ya maji, ambayo alikuwa ameyapangia foleni tangu alfajiri. Akayamimina yote, pole pole, jicho moja kisha la pili.

"Fungua. Usisugue. Fungua tena, mama. Njo hivyo."

Maji yalipokwisha alitoa ziwa lake akamkamulia maziwa machoni. Mtoto wake alikuwa analia mgongoni. "We ungoja," alimwambia. "Leo iko mkubwa wako."

Zahanati ya kambi ilituandikia karatasi ya rufaa, na kesho yake tukapelekwa hospitali Lilongwe. Macho ya mdogo wangu yalifungwa bandeji siku tatu. Muuguzi alieleza, mkimbizi mwenzetu akitafsiri, kwamba utomvu ule hupofusha watu, tungoje. Sikujua kungoja. Nilitoka hadi barabarani, nikawatazama watumishi wa serikali waliovaa mashati ya pasi wakitafuta minibasi za kwenda ofisini Capital Hill, nikarudi, nikatoka tena. Kama macho yale yangekufa, ningekuwa nimeyaua mimi, si askari.

"Yaya, kaa," mdogo wangu alisema siku ya pili. "Viatu vyako vinaniumiza kuliko macho."

Walipofungua bandeji, daktari alinyoosha vidole.

"Viwili," alisema mdogo wangu. "Na yaya hajachana nywele."

Daktari aliuliza nani alimwosha. Nikasema jirani. Akasema tumwambie kwamba maji yale ndiyo yaliyookoa macho. Maziwa asirudie, amwage maji tu, mengi.

Tulirudi tukawakuta mapacha wakila nsima, ugali wa huku, na maharage nyumbani kwa jirani, mashavu yamejaa. Wakaniangalia mimi kwanza. Niliwaambia wamalize.

Siku iliyofuata nilipanga foleni alfajiri, nikampelekea mabidoni mawili yaliyojaa, nikamweleza maneno ya daktari. Alicheka kidogo kuhusu maziwa.

"Zikomo," alishukuru kwa lugha ya wenyeji. "Maji yamerudi. Na ile ingine?"

"Ingine gani, mama?"

"Siku ile nilikwambia uyalaze kivulini, ulitema mate chini. Batoto wako waliona. Wangu pia aliona."

Ni kweli. Nilipoandika hapo juu kwamba sikumjibu, niliruka hilo. Nilifungua mdomo nimwombe samahani. Mume wake alimwita ndani, nami nikashukuru kwamba ameitwa, nikaenda zangu. Nilijiambia nitarudi jioni. Jioni nilipata kazi ya kufanya, na kesho yake nyingine. Sijui kutulia, lakini kwa kuahirisha nilikuwa hodari.

Kabla ya mvua jirani na watu wake walihamia upande wa Nathenje kutafuta vibarua vya shamba. Mdogo wangu sasa anashona, anatia uzi kwenye sindano mara moja tu bila kukosa. Nathenje nimekwenda siku tatu za soko, nikauliza. Mmoja alisema wamevuka kwenda Msumbiji, mwingine alisema wamerudi kwao. Samahani ile sijampa mtu mwingine yeyote, kwa sababu si ya mtu mwingine.