Fundi wa Sofa na Mishono Inayopaswa Kuoza

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Adams Arcade, Nairobi. Jamleck Waithaka ameketi juu ya kiti kisicho na mgongo nje ya kibanda chake cha mabati kando ya Ngong Road, wembe mkononi, mkeka wa gunia mapajani. Anaingiza ncha ya wembe chini ya mshono, anakata, anavuta. Uzi mweupe wa nailoni unatoka ukilia. Anautupa kwenye ndoo na kuhamia mshono wa pili.

Ndoo imejaa. Ni ya nne.

Kwa miaka thelathini na moja, fundi huyu wa sofa mwenye umri wa miaka hamsini na sita ameishi kwa sifa ya mishono isiyoachia. Lavington kuna viti vyake ambavyo watoto waliovirukia wameshaoa. Leo anaivunja mishono hiyo kwa mikono ileile iliyoishona, na ana haraka. Mikeka mia mbili na arobaini sharti ipande basi la Pwani Alhamisi jioni, na leo ni Jumanne. Thelathini na minane haijaguswa.

Jumamosi maji ya bahari yatakupwa kuliko siku nyingine yoyote ya mwezi, na akina mama wa kijiji kimoja cha Kwale wataingia kupanda nyasi za baharini. Miche imeshang'olewa. Mikeka ikichelewa, miche inakufa.

"Buda, bado unashonea samaki sofa?" anamtania Were, seremala wa kibanda jirani anayemchongea fremu za viti.

"Sasa nafumua. Kushona kunafuata."

"Sasa ukifumua, samaki watakaa wapi?"

Waithaka hacheki. Were anavuta kigoda, anachukua wembe, anaketi kando yake.

Safari hii ilianza miaka miwili iliyopita, Debra alipoleta sofa kuukuu la mama yake kutoka Lavington. Debra ni mtafiti wa mimea ya baharini. Waithaka alipolipindua sofa hilo, mteja wake hakuuliza habari ya kitambaa wala sponji. Aliuliza habari ya gunia lililotandazwa chini ya kiti.

"Watu hudhani chini ya bahari ni mchanga tu," anasema Debra. "Kule kulikuwa na malisho. Samaki wadogo walilelewa mle. Kisha maji yakapata joto kupita kiasi, nyasi zikanyauka kama sukuma wiki iliyosahaulika jikoni."

Alihitaji mikeka ya gunia. Mche unafungwa kwenye mkeka, mkeka unapigiliwa vigingi mchangani, na gunia linashika mchanga hadi mizizi ijishike yenyewe. Baada ya miezi kadhaa gunia linaoza na kuziachia nyasi mahali pake.

Waithaka alielewa nusu.

"Aliniambia gunia litaoza. Uzi hakuutaja," anasema, bila kuinua macho. "Na mimi ni fundi gani nishone kitu kiachie? Nikaweka nailoni. Nikaipitisha mara mbili."

Kwenye kona ya kila mkeka akaweka alama yake: mishono mitatu myekundu, ileile anayoificha chini ya kila kiti kinachotoka mikononi mwake.

Mikeka mia moja ya kwanza ilizamishwa baharini. Mwezi wa nane tangu izamishwe, Debra alirudi Adams Arcade mwenyewe, hakutaka kupiga simu. Alimwonyesha fundi picha. Gunia lilikuwa limekwisha, sawasawa na mpango. Nailoni ilibaki. Nyuzi zilikuwa zikiyumba na kila wimbi, zikiikereza miche michanga shingoni. Ndani ya fundo moja, samaki mdogo aina ya tafi alikuwa amenaswa kwa matamvua, amekufa. Pembeni yake, mishono mitatu myekundu.

"Sikuhitaji kuuliza ni kazi ya nani," anasema Waithaka. "Bahari yote hiyo, na jina langu liko pale juu ya maiti."

Akina mama wa Kwale walipiga mbizi wiki tatu wakikata nyuzi kwa visu. Wakati huo mikeka mingine mia mbili na arobaini ilikuwa tayari, imepangwa kibandani, imeshonwa kwa nailoni.

Debra hamlaumu. "Kosa ni letu pia, hatukumwelekeza uzi gani. Nikamwambia tutatafuta vijana wafumue. Akakataa. Akasema, 'Daktari, mkono wangu ndio unajua uliingilia wapi.'"

Kazi ya kufumua hailipwi. Mwezi mzuri Waithaka hupeleka nyumbani shilingi elfu thelathini na tano. Mwezi huu, anasema, hata nusu yake haitafika. Mteja wa Spring Valley alichoka kungoja, akapeleka viti vyake kwingine.

Ulibaki uzi. Kamba ya katani ya dukani ilikuwa na mafuta, na Debra hakutaka mafuta baharini. Ndipo Waithaka alipompigia mama yake, Wamucii, huko Murang'a, ambaye amesuka vyondo tangu usichana wake na bado husokota katani kwa kuiviringisha pajani.

Mama alicheka kwanza. "Ulikimbilia uzi wa duka ukasema wangu unaoza," alimwambia kwa Kikuyu. "Leo unatafuta unaooza?"

Kisha akawaita wenzake wa kanisani. Wiki mbili baadaye gunia zima la uzi wa katani lilishuka Nairobi.

Jua limepanda. Waithaka anamaliza kufumua mkeka, anautikisa, anachukua sindano ya gunia. Mishono yake ya sasa ni mipana, ya safu moja. Anaishona polepole, kama mtu anayejifunza kuandika kwa mkono wa kushoto. Akifika kwenye kona anasita, kisha anaingiza mishono mitatu ya katani, haina rangi.

Were anaiona. "Na hiyo?"

"Hiyo pia itaoza."

"Sasa watajuaje ni wewe?"

Waithaka anakata uzi kwa meno. Bahari hajawahi kuiona. Mwakani, anasema, atafunga kibanda siku tatu ateremke Kwale, awaombe akina mama wampeleke hadi pale walipoizika mikeka hii.

"Nitainama nitafute uzi wangu," anasema. "Nikiupata hata mmoja, nimeshindwa. Nikikosa, nikaona nyasi tu na samaki wanapita, basi nitarudi hapa Adams nikijua mimi ni fundi."

Anaukunja mkeka, anauweka juu ya mingine, na kunyoosha mkono kwa Were ampe unaofuata.