Kasha Jeupe kutoka Makambako

"Likishawaka, atalitazama nani?"

Mama aliniuliza hivyo asubuhi moja ya Julai, akiwa ameinamia jiko la mkaa, mimi nikiwa mlangoni na begi mgongoni. Nilimwambia nachelewa gari, jambo ambalo halikuwa kweli, maana magari madogo ya Makambako huondoka yakijaa, hayafuati saa.

Nieleze kwanza kilichonitoa nyumbani. Nilikuwa nimemaliza chuo Dar es Salaam na kurudi Njombe, nikichora ramani za nyumba kwa watu ambao wengi wao sijawahi kuwaona. Wananitumia vipimo kwa simu, nachora, nawarudishia. Laptop yangu ilipokufa niliamua kuunda kompyuta ya mezani kwa mikono yangu, kipande kwa kipande. Vifaa vilikuja kwa basi kutoka Dar, kimoja leo, kingine mwezi ujao, na kila kilipofika nilikipanga juu ya meza ya marehemu Baba pale sebuleni: mazabodi, ule ubao mkubwa ambao vingine vyote huchomekwa juu yake, kisha feni, kisha kifaa cha kugawa umeme. Kikabaki kitu kimoja tu, kasha la kuviingiza ndani. Mtaani wengi huliita sipiyu, kana kwamba fuvu ndilo ubongo.

Nilitaka kasha zuri, na hilo lenyewe lilinisumbua. Kompyuta haichori mstari ulionyooka zaidi kwa sababu imevaa vizuri. Kwa nini basi nisinunue bati lolote jeusi lenye matundu? Baba alipokuwa hai, sebule yetu ilikuwa na televisheni ya kwanza mtaani, na saa ya taarifa ya habari ilipofika viatu vya majirani vilijaa mlangoni hadi kwenye ngazi. Sasa kila mtu ana simu yake mfukoni. Hata waliokuja kutupa pole waliacha kuja. Mama na mimi tulibaki na maneno machache ya kutosha siku: maji yamechemka, umeme umekatika, leo kuna baridi.

Kwa hiyo nilijiwekea sharti ambalo sikumwambia mtu. Nikipata kasha litakalonifanya nipende kuketi kwenye ile meza, nabaki Njombe. Nikikosa, nauza vile vifaa, nanunua laptop ya mtumba, naitia begini na kuondoka. Dodoma, Mwanza, popote. Kompyuta ya mezani haibebeki begani. Ukiiunda, umekubali kukaa.

Stendi ya Njombe ilikuwa bado imezama kwenye ukungu nilipofika. Mkononi nilishika kipande cha boksi nilichokikata kwa vipimo kamili vya mazabodi yangu, na kukitoboa matundu pale skrubu zinapoingia. Sikuamini picha za dukani, wala sikuamini neno "inaingia" kutoka kwa mtu anayeuza. Ndani ya gari, mama mmoja aliyekuwa anakwenda Mdandu aliketi kando yangu, akaniamkia kwa Kibena, kamwene, kisha akakitazama kile kiboksi kwa muda.

"Unakata viatu, mwanangu?"

Nikamweleza kwamba ni kipimo cha kompyuta. Aliitikia kwa heshima, kama mtu anavyoitikia habari za ugonjwa asioujua, na hakuuliza tena. Aliteremka njia panda, na mtu aliyekuwa akimsubiri akampokea mzigo kabla hata hajakanyaga chini vizuri. Kiti chake kilibaki kitupu. Nje yalipita mashamba ya viazi, miti ya miwati, halafu mipaina iliyopandwa kwa mistari, halafu malori ya magogo. Nilihesabu: karibu kila aliyeteremka njiani alikuwa na mtu wa kumpokea. Mimi nilikuwa nakwenda kuonana na kasha.

Makambako inakupokea kwa upepo. Hapo ndipo barabara ya Songea inapokutana na barabara kuu ya Mbeya na Iringa, na upepo nao unapita kama msafiri mwenye haraka, umebeba vumbi na mifuko ya plastiki. Duka nililoliona mtandaoni lilikuwa nyuma ya safu ya maduka ya mbolea. Linauza simu, redio, sola, na pembeni, juu ya rafu, makasha matatu. Mwenye duka ni kijana anayeitwa Eliya, Mkinga wa Matamba kule Makete, mwenye koti zito na maneno mepesi.

Alianza na lile analolipenda yeye: jeusi, kioo mbele, kioo ubavuni, feni zenye taa za rangi zinazobadilika.

"Hili ukiliwasha, dada, chumba kizima harusi."

Nikauliza hewa inaingilia wapi, maana mbele kote ni kioo. Akasema hewa itajua njia yake. Nikamwambia hewa haina akili, na vifaa vinavyopata joto bila hewa vinakufa mapema. Eliya akacheka. "Joto? Njombe yenyewe ni friji!"

Ni kweli Njombe ni baridi, lakini ubaridi wa chumba hauna maana kama hauingii kwenye kasha. Nikamwomba aziwashe zile feni. Nikachana kipande cha karatasi laini, nikakishika mbele ya kioo. Hakikutikisika. Kasha la pili lilikuwa bati tupu la ofisini, imara, la bei ndogo kuliko yote, lenye rangi ya sufuria iliyochoka. Hilo halikuhitaji kupimwa. Nilijua nikiliweka kwenye meza ya Baba nitahama nyumba kabla ya Krismasi.

La tatu lilikuwa jeupe. Mbele lilikuwa na wavu mwembamba wa chuma badala ya kioo, ubavuni kioo kimoja kilichofifia kidogo kama chai ya rangi iliyozidishwa maji. Boksi lake lilichanika njiani, mguu mmoja wa mpira ulipotea, na baadhi ya skrubu hazikuwemo. Kwa hiyo Eliya alikuwa ameshusha bei. Akawasha feni zake, nikashika karatasi mbele ya wavu. Ikavutwa, ikang'ang'ania pale. Nikafungua ubavu, nikaingiza kile kiboksi changu. Matundu yalilingana yote.

Eliya alikuwa ameegemea kaunta akinitazama. "Nyie Wabena mnanunua kasha kama ng'ombe. Bado hujalifungua mdomo ukaangalia meno."

"Na nyie Wakinga mngeweza, mngeuza na huu upepo."

"Tatizo ni kuufunga kwenye mfuko," akasema, naye akalipunguza bei kidogo tena bila kuombwa, kwa sababu ya ule mguu. Kisha, akilifunga kwa kamba, akaniambia niliweke upande wa kulia wa meza. Kioo kinatakiwa kielekee wanapokaa wageni.

Lile swali la Mama likarudi zimazima. Nikamwambia nitaamua nikifika.

Saa ya chakula cha mchana ilinikuta bado Makambako, kinyume na mpango wangu. Nilitaka kurudi moja kwa moja. Lakini mdogo wake Mama anaishi pale, karibu na reli, na kwetu hupiti mji wa ndugu yako kana kwamba hujui kuna nyumba. Mama alikuwa amekwisha kumpigia. Mamdogo alinisubiri kando ya stendi, kanga imefungwa juu ya sweta, na alipoliona boksi langu hakuuliza kama nina nafasi.

"Mtoto wa dada yangu apite Makambako kama mzigo wa lori? Twende ule."

Nyumbani kwake tulikula ugali na maharage, kisha chai. Aliniuliza habari za Mama, nikajibu kwamba mzima. Akauliza tena, habari zake hasa. Niligundua sikuwa na zaidi ya lile neno moja. Treni ya mizigo ikapita, ikatuokoa wote wawili kwa muda.

Halafu akataka kuliona kasha. Nikalitoa. Alizunguka akilitazama, akagonga kioo kwa ukucha, akasema ni jeupe kama jokofu la kliniki. Kisha akafanya jambo nililoliona la ajabu: akafungua kiganja na kulipima kwa shibiri, juu, ubavuni, na kutoka juu mpaka chini, midomo ikitembea. Akachukua simu, akaenda nyuma ya nyumba. Nilimsikia akicheka kwa sauti ya chini. Nilidhani anamweleza jirani jinsi msomi wa dada yake anavyotupa pesa kwenye sanduku tupu. Mamdogo ni mtu wa kusema.

Aliporudi alijaribu kulinyanyua, akalishusha.

"Mama yako ameuliza kama ni zito. Nimemwambia zito. Amesema afadhali."

"Afadhali nini?"

"Afadhali zito," akasema, na kwenda kunifungia viazi vya safari.

Nilirudi Njombe alasiri, kasha miguuni, viazi juu ya kasha. Nilimfikiria Mama akilitamka lile neno kwenye simu. Sikuwa nimemwambia kuhusu sharti langu. Nilijiuliza amelijuaje, nikajiuliza pia kama amelijua kweli au ni mimi nasoma mambo mahali yasipoandikwa. Nilikuwa na mazoea ya kupima kila kitu kwa karatasi laini, na kwa jambo hili sikujua niishike wapi.

Kuiunda kompyuta kulinichukua siku kadhaa, kwa sababu ya skrubu zilizopungua na fundi redio aliyekuwa na za kufanana nazo kuwa msibani. Badala ya mguu uliopotea nilikata kipande cha kandambili. Jioni niliyobonyeza kitufe, feni zilizunguka kimya na taa nyeupe ndogo ikawaka nyuma ya kioo. Ilikuwa nzuri. Nilikaa mbele yake peke yangu, nikaona uso wangu kwenye kioo, juu ya nyaya. Mama alisimama mlangoni, mikono ndani ya kitenge.

"Linawaka," akasema.

"Linawaka."

Akaenda kulala.

Asubuhi niliacha mashine ikifanya kazi nzito nikaenda sokoni. Niliporudi, feni zilikuwa zinavuma kama gari linalopanda mlima. Juu ya kasha kulikuwa na kitambaa cha kufuma kwa uzi mweupe, chenye maua pembeni, kimefunika matundu ya juu na kushuka mbele mpaka kwenye wavu. Ndivyo kila kitu kinavyovikwa nyumbani kwetu: redio, viti, televisheni ya zamani ambayo haiwaki tena. Nilikivuta haraka, nikamweleza Mama habari za hewa na joto, kwa kirefu, kama nilivyomweleza Eliya.

"Kwa hiyo hakifai," akasema.

"Hakifai, Mama."

Akakichukua, akakikunja mara nne. Niliona tu kwamba pale juu ya kasha kilikuwa kimekaa sawasawa, hakikuzidi popote wala kupungua. Mimi ninayeuliza kila kitu, hilo sikuliuliza. Nilidhani ni kimoja cha vile vya kabatini.

Nilibaki Njombe. Kama kuna anayetaka kununua kasha, nililojifunza ni hili: nenda na kipimo chako, usinunue taa, shika karatasi mbele ya feni uone kama inavutwa, na usiogope boksi lililochanika. Kioo nilikielekeza upande wa kiti cha Mama, kwa sababu wageni hawakuja.

Miaka ilipita. Safari nyingine ya Makambako, tukichambua maharage, Mamdogo aliniuliza kile kitambaa kiliishia wapi. Nikauliza kitambaa gani. Akashangaa. Akasema Mama alianza kufuma yale maua siku mzigo wangu wa kwanza ulipofika kutoka Dar, akayafuma kila nilipolala, na alikuwa amebakiza kitu kimoja tu: kujua ukubwa wa sanduku.