Tembo wawili wa dhahabu: siku sarafu yangu mpya ilipowekwa kando ya sarafu ya marehemu, ufukweni Nyasa

Wakuu, heshima kwenu nyote. Vijana, marahaba, najua shikamoo zenu zinakuja huko chini.

Kabla ya yote nitenganishe mambo mawili. Niliyoyaona kwa macho yangu na kuyapima kwa mikono yangu nitayaandika kama ushahidi. Niliyosimuliwa, nitasema nimesimuliwa. Nimefundisha fizikia maisha yangu yote ya kazi, na sijaona umbea ukiongeza uzito wa kitu chochote kwenye mizani.

Mimi ni mstaafu, naishi Maguu, huku milimani, nalima kahawa. Starehe yangu ni moja: sarafu za dhahabu za ukumbusho, hizi za siku hizi zinazogongwa upya kwa michoro ya kale. Binti yangu ni muuguzi ughaibuni. Kila alipouliza aniletee koti au viatu, niliomba sarafu. Ninazo chache, ndogo ndogo.

(Siku hizi zipo benki. Msijisumbue.)

Niipendayo kuliko zote ni ya tembo. Kwa wasioijua: wakati wa Vita Kuu ya Kwanza, Wajerumani waliotawala huku walifungiwa njia ya bahari, wakaishiwa sarafu, wakagonga za dhahabu wao wenyewe katika karakana ya reli, Tabora. Tembo ameinua mkonga, nyuma yake milima. Hayo nimeyasoma katika vitabu zaidi ya kimoja, vinavyokubaliana.

Yangu si hiyo. Yangu ni mchoro ule ule uliofufuliwa, dhahabu iliyo karibu safi kabisa, na mwaka ulioandikwa ni wa karne hii. Ya asili sikuwahi kutarajia kuiona.

Sasa tukio lenyewe. Majina nimeyabadili.

Rafiki yangu niliyesoma naye, nimwite Kanisius, fundi wa maboti, alifariki kijijini kwao, mbele kidogo ya Mbamba Bay. Nilishuka kwa ajili ya kumaliza matanga.

Mnaojua desturi mnaelewa: siku ile mtani ana ruhusa ya kupekua vitu vya marehemu, na anachonyakua ni chake mpaka wafiwa wamkomboe kwa chochote walicho nacho. Mtani wao ni Mngoni, nimwite Fulgensi, mtu wa maneno mengi. Alikwisha kulivaa koti la marehemu kinyumenyume na kuiga kikohozi chake hadi mjane mwenyewe akacheka. Kisha akafungua sanduku la randa na tezo, akachomoa kitambaa kilichofungwa fundo.

"Jamani! Huyu alikuwa na benki humu, halafu kwenye harusi ya mwanangu akachangia usipa, vidagaa!"

Watu wakaangua kicheko. Kisha wakakiona kilichokuwa kiganjani mwake, na kicheko kikakatika.

Nilikuwa umbali wa mkono tu. Alikuwa ni tembo.

Mzee Osmundi, kaka wa marehemu na mkubwa wa ukoo, alisimama.

"Hiyo ni mali ya Mjerumani. Imetoka shimoni alikoifukia, na vitu vya shimoni vina wenyewe: vinalindwa na jini." Akamgeukia mjane, Mama Agata. "Shemeji, ulijua kwamba kipo humu?"

"Nilijua. Ni cha babu yake."

"Kumbe! Mimi nazika watoto wangu, na wewe umekilalia."

Neno lenyewe, mchawi, hakulitamka, lakini kila aliyekuwepo alilisikia. Aliagiza sarafu itupwe ziwani jua likiwa bado juu, na shemeji yake arudi kwao Liparamba.

Mama Agata hakulia. Alisema tu, "Nyumba hii nimeikandika kwa mikono hii, shemeji."

Aliyefumba kiganja ni Fulgensi. "Taratibu, mtani. Hiki ni changu, sijakombolewa. Ukitaka kukitupa, nitupe na mimi."

"Leo si utani, Fulgensi."

"Kama si utani, basi nirudishieni vichekesho vyangu vya tangu asubuhi!"

Hapo nami nikasimama, nikaomba wasubiri hadi kesho yake. Osmundi akanigeukia. "Mwalimu, na wewe unaamini haya ya shimoni?"

"Siamini wala sikatai. Sijapima."

"Hadi kesho," akasema. "Mtani alale nacho yeye."

"Jini likinila," akasema Fulgensi, "mje mnizike, na pilau iwe na nyama."

Nilipanda Maguu, nikarudi kesho yake na mizani ndogo ya sonara, uzi, glasi, na sarafu yangu. Fulgensi alikuwa mzima, akilalamika kwamba jini halikutokea hata kumsalimu.

Niliomba sahani nyeupe. Nikaweka tembo wangu, naye Fulgensi akaweka wake kando.

Wakuu, sina desturi ya kutia chumvi. Ukoo mzima uliinama juu ya sahani ile kama watu wanaotazama mtoto mchanga. Wangu anang'aa kama kioo, kila kunjo la ngozi laonekana. Yule mwingine amesagika sikio, rangi yake inaelekea wekundu, na herufi T ya Tabora imesimama pale pale vitabu visemapo. Mkonga ule ule, milima ile ile. Kati yao imepita zaidi ya karne, na wamekutana juu ya sahani ya kulia ugali.

Nilipima kwa kanuni ya kuelea: uzito hewani, kisha uzito ndani ya maji sarafu ikining'inia kwa uzi. Shaba iliyopakwa dhahabu ingeumbuka papo hapo. Risasi vilevile. Nilirudia mpaka nikaridhika. Yule wa zamani alitoka chini ya wangu, kwenye kiwango cha dhahabu ya robo tatu iliyochanganywa na madini mengine, kama vitabu vinavyosema waligonga. Mizani ilisema wangu ndiye safi zaidi. Lakini niliyerudi kumshika ni yule mwingine.

"Mzee Osmundi," nikasema, "hizi zilitengenezwa na mafundi karakanani, zikalipwa watu. Na huyu wangu ametengenezwa juzi na watu walio hai, kwa kumwiga yule."

Akaichukua sarafu mpya, akaigeuza, akaiweka. Akaichukua ya zamani. Akapitisha kidole gumba juu ya sikio lililosagika.

"Kwa nini wafufue kitu kilichokwisha kufa?"

"Kwa sababu ni kizuri. Sijapata sababu nyingine."

Akamrudishia Fulgensi ile ya zamani. Mama Agata akaingia jikoni, akatoka na sahani ya usipa wakavu, akapiga magoti mbele ya Fulgensi kukomboa kitu cha mumewe.

"Tembo kwa usipa!" Fulgensi akapiga kelele. "Marehemu na mkewe, ubahili wao mmoja!" Lakini alipokea kwa mikono miwili, akampa sarafu. Na kilichokombolewa mbele ya ukoo hakiulizwi tena.

Nimesimuliwa kwamba babu yake Kanisius alilipwa sarafu ile kwa kubeba mizigo ya vita. Huenda. Sikuwepo. Nimesimuliwa pia kwamba sasa vijana wanachimbachimba ufukweni wakitafuta nyingine. Waacheni wachoke.

Funzo nililobaki nalo: kabla hujamwita mtu kwa neno lile, kaa chini upime. Na mwenye kuwahi kushika tembo wa Tabora kwa mkono wake mwenyewe, aandike hapa, nitasoma kwa adabu. Mwenye kusimuliwa, asome tu. Bei msiniulize PM.

La mwisho niwezalo kuliapia ni hili. Mama Agata aliifunga sarafu kwenye pindo la kitenge chake, akaelekea mlangoni kwake. Mzee Osmundi alikuwa ameketi kizingitini. Alivuta miguu yake kando, naye akapita, akaingia ndani.